Kidole Gumba cha Bi Doreen

Sheffield, saa moja na robo asubuhi.
Giza la Januari bado limeegemea kioo.
Nautoa mkono wake chini ya blanketi
kama mtu atoaye mkate tanurini.
Hatujajuliana hali. Kwanza husalimiwa mkono.

"Umeamka na kutu," namwambia.
"Chuma kibovu hakishiki kutu," ananijibu,
"huliwa chote."

Miaka thelathini na minne alisugua vijiko
katika kiwanda kando ya mto Don,
gurudumu likivuma, mchanga na mafuta vikimrukia hadi kope,
na kila kijiko kiliondoka na chembe ya gumba lake.
Vijiko vinang'aa mpaka leo
kwenye makabati ya watu asiowajua.

Namtia mkono katika beseni la maji vuguvugu.
Hapa, chini ya kidole gumba, mifupa miwili imekaliana
kama tandiko na mpandaji:
mmoja umebonyea, mwenziwe umeketi juu yake,
ndiyo maana gumba huenda mbele, huja kando,
huwapitia ndugu zake wanne mmoja mmoja
na kuwaita kazini.
Bila tandiko hilo, nani angetunga uzi sindanoni?

Kati ya mfupa na mfupa pana gegedu,
laini, jeupe, halina hata mshipa mmoja wa damu.
Linakula nini? nilimuuliza mwalimu wetu wa kozi.
Bwana Pritchard hakusema kitu,
alichukua sifongo ya kuoshea vyombo akaifinya, akaiachia.
Likibanwa hutema. Likiachiwa hunywa.
Ute wa kiungo ndio uji wake,
na uji huo haunyweki bila kutikiswa.
Kiungo kisichotembezwa hulala na njaa.

Kwetu neno ni moja, nikamweleza Bi Doreen:
viungo vya mwili, viungo vya pilau.
Akacheka hadi maji ya beseni yakamwagika.
"Basi mimi iliki zimeniisha," akasema,
"nimebaki na pilipili tu."
Tangu hapo, kila akiumwa,
haniambii anaumwa. Ananiambia: pilipili.

Mwanangu Shebe hualisha vidole mezani, ta, ta, ta,
ili nimkemee.
Simkemei tena. Najua si mfupa unaovunjika,
ni kiputo kinachozuka ndani ya ute.
Namwambia tu, mwanangu, usialishe mbele ya Bi Doreen.
Ni kama kuhesabu pesa mbele ya mwenye deni.

Na mimi? Goti langu la kushoto limeanza maneno.
Mji huu ni vilima, na kila mteja wangu
anakaa kwenye kilima chake.
Ukisimama wima, goti hujizungusha kidogo mwishoni,
likajifunga kama kitasa,
ndipo unaweza kungoja kituoni, mvua ikikuchapa ubavuni,
nusu saa, mapaja yamepumzika.
Ukitaka kukaa, kuna kijisuli nyuma ya goti,
kifupi, cha mshazari, hakina sifa wala shukrani,
ndicho kishikacho ufunguo.
Siku nzima kinanifungulia.
Nimekijua jina nikiwa na miaka arobaini na mitatu,
na jina lenyewe nimeshalisahau.

Sasa blauzi. Vifungo sita.
Vitano navifunga mimi, cha juu ni chake.
Hilo tuliliafikiana mwezi wa kwanza,
baada ya kunipiga kofi la mkono.
Gumba linapanda tandiko, linateleza.
Linapanda tena.
Anauma ulimi, jicho moja amelifumba,
kama yuko mbele ya gurudumu na msimamizi anapita.
Pilipili, anasema. Pilipili, pilipili.

Naikunja taulo. Naikunjua, naikunja upya.
Chini ya dirisha basi la saa mbili linapanda kilima,
basi langu,
na taa zake ndani zote zinawaka.
Lipite.